Mkopo wa kwanza wa nyumba: jina, hati au kipato?

Mkazi wa Igogo, jijini Mwanza, anayefikiria kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba kwa mara ya kwanza atapewa ushauri wa kila namna kabla hajatoka hata mtaani kwake. Mmoja atamwambia asikope popote kwa mwaka mzima, jina lisije likachafuka. Mwingine atamwambia kinyume chake: kopa ndogondogo, lipa mapema, mfumo ukujue. Wa tatu, aghalabu mtu aliyewahi kukataliwa, atasema benki haina habari na jina lako, inachotaka ni hati ya kiwanja. Wa nne atacheka tu. Nyumba zote hizi zilizopanda mlimani hadi kwenye mawe, atauliza, ni ngapi zilijengwa kwa fedha ya benki?

Mkanganyiko huu una chanzo. Mikopo ya simu imewafanya watu wengi wenye laini kuwa wakopaji, na ushauri mwingi wa "kujenga alama za mkopo" unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko alama ya FICO huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 yake hutokana na historia ya kulipa, na 30 nyingine na kiasi unachodaiwa, ndiyo maana Mmarekani huambiwa achukue kadi ya mkopo, atumie chini ya asilimia 30 ya kiwango alichopewa, kisha asubiri alama ipande. Kwa mchuuzi wa dagaa wa Igogo, au mwalimu wa sekondari aliyepanga vyumba viwili huko, ushauri huo hauna pa kushika. Kadi hiyo hana, na benki atakayoiendea haitamwamulia kwa alama peke yake.

Swali lenye maana ni finyu zaidi: mwaka mmoja au miwili kabla ya kujaza fomu, fedha na nguvu chache ulizonazo uzielekeze wapi kwanza?

## Soko lenyewe bado changa

Wenye umri wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na mikopo isiyorejeshwa. Kwa zaidi ya miaka kumi baada yake, mkopo wa muda mrefu wa nyumba ulikuwa kitu cha wachache sana. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2008, Bunge lilipopitisha sheria ya mikopo ya nyumba na ile ya umiliki wa sehemu za jengo. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake si kumkopesha mwananchi moja kwa moja bali kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kukopesha kwa miaka mingi. Benki zinazotoa mikopo hiyo zikaongezeka kutoka tatu hadi zaidi ya 30. Riba, iliyokuwa asilimia 22 hadi 24 mwaka 2010, ikashuka hadi kati ya 15 na 19. Muda wa kulipa ukafika miaka 20, na kwa baadhi ya benki 25.

Hata hivyo takwimu za Benki Kuu za miaka ya 2022 na 2023 zinaonyesha wadaiwa wa mikopo ya nyumba wapatao 6,000 hivi kwa nchi nzima, kila mmoja akidaiwa wastani wa takriban shilingi milioni 90. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na mkoa wa Mwanza pekee una milioni 3.7.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini wadaiwa ni wachache hivyo. Mkopo wa milioni 50 kwa riba ya asilimia 17 na muda wa miaka 15 una rejesho la karibu 769,500 kwa mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa takriban milioni 138.5. Riba ikishuka hadi 15, rejesho linakuwa kama 699,800, na nafuu ya miaka yote 15 ni karibu milioni 12.5. (Anayesikia Benki Kuu ikitangaza riba ya asilimia 5 na ushee hadi 6 tangu Januari 2024 asidhani ameibiwa. Riba hiyo inaongoza mikopo ya siku chache baina ya benki zenyewe. Bei ya mkopo wa nyumba ni jambo jingine.)

Kwa hiyo kabla ya kujadili jina safi au jina chafu, tukubaliane kwamba mlango ni mwembamba hata kwa mwenye jina safi. Hilo ndilo linalofanya kila kosa dogo kwenye taarifa zako liwe ghali.

## Nani anakuandika na nani hakuandiki

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ilifungua njia, kanuni zikatoka mwaka 2012, na mwaka 2013 kampuni mbili zikapewa leseni ya kukusanya na kuuza taarifa za mikopo: Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na afisa mikopo huvuta ripoti yako kabla ya kuidhinisha chochote.

Ripoti hiyo haina siri kubwa. Kila mkopo una mstari wake: nani alikupa, kiasi gani, ulianza lini, salio ni kiasi gani, umechelewa siku ngapi, umefungwa au bado. Ukimdhamini mtu, udhamini wako nao unaweza kuonekana. Ripoti huonyesha pia taasisi zilizowahi kuulizia habari zako, na hapo ndipo anayepeleka maombi benki tano kwa wiki moja anapojionyesha kuwa amebanwa.

Watu wengi, kwa kuiga usemi wa Kenya wa "kuingia CRB", yaani kwenye kampuni za taarifa za mikopo, wanadhani kuonekana kwenye kanzidata ni kuorodheshwa miongoni mwa wadaiwa sugu. Si hivyo. Anayelipa vizuri yumo, asiyelipa yumo. Mwenye tatizo la aina nyingine, na huenda wengi wa Igogo wako hapa, ni yule ambaye hayumo kabisa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji wadogo katika madaraja. Daraja la pili ni kampuni zisizopokea amana, zile ofisi za mikopo za mjini; hizo zinasimamiwa na Benki Kuu na zinatakiwa kushiriki kwenye mfumo wa taarifa. Daraja la tatu ni SACCOS, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Daraja la nne ni vikundi kama VICOBA, vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Kadiri unavyoshuka madaraja ndivyo kumbukumbu zinavyobaki kwenye daftari la katibu. Mama anayekaanga samaki, aliyekopa na kurejesha kwenye kikundi miaka kumi mfululizo bila kuchelewa, anaweza kuingia benki akaonekana mgeni, huku kijana aliyekopa kwenye simu akalipa kwa kusuasua akiwa na historia ndefu.

## "Usikope kabisa"

Ushauri huu una heshima yake, hasa katika jamii ambayo deni bado ni aibu. Faida yake ya kweli haiko kwenye jina bali kwenye uwezo wa kulipa, na hapo wengi hawapati hesabu sawasawa.

Chukua mfanyakazi anayepata milioni 1.5 kwa mwezi, na tuseme benki yake inakubali marejesho yote yasizidi nusu ya kipato. Akiwa hana deni lolote ana nafasi ya rejesho la 750,000, ambayo kwa riba ya asilimia 17 na miaka 15 inambebea mkopo wa karibu milioni 48.7. Akiwa na mkopo wa pikipiki au wa samani wenye rejesho la 200,000, nafasi inabaki 550,000, na mkopo unashuka hadi milioni 35.7 hivi. Deni ambalo huenda limebakiza milioni mbili au tatu tu limemnyang'anya milioni 13 za nyumba.

Kwa mtumishi wa umma kibano ni kikali zaidi, kwa sababu taratibu zinataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, si ya mikopo tu. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukiongeza mkopo wa mshahara alioutopu mara tatu kwa ajili ya ada na msiba, chumba cha kuingiza rejesho la nyumba hakipo, hata kama hajawahi kuchelewa siku moja.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba kufuta madeni hakukuandikii chochote kipya. Aliyemaliza madeni yake ana mistari iliyofungwa vizuri, na hiyo ni mali. Lakini asiyewahi kukopa, akiambiwa asikope tena, anabaki mgeni yuleyule.

## "Kopa ndogondogo ulipe"

Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi na vijana, na ndiyo inayohitaji kupekuliwa kwa makini. Kimsingi iko sahihi: mfumo unajifunza kutokana na marejesho. Nyuma ya mikopo mingi ya mitandao mikubwa ya simu kuna benki yenye leseni. M-Pawa, kwa mfano, ilianza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Vodacom na benki ya CBA, ambayo leo ni NCBA. Mkopo wa elfu ishirini uliolipwa kwa wakati ni mkopo uliolipwa kwa wakati.

Mambo matatu yanaipunguzia nguvu. Kwanza, ukubwa haulingani. Kulipa elfu ishirini kwa siku 30 hakumwambii afisa mikopo kwamba utaweza laki saba kila mwezi kwa miaka 15. Kunamwambia tu kwamba hujatoroka. Pili, wingi una maana yake. Ripoti yenye mikopo arobaini ya simu kwa mwaka, yote ikiwa imelipwa, inaweza kusomwa kama sifa, lakini pia inaweza kusomwa kama mtu asiyefika mwisho wa mwezi bila kukopa. Maafisa wengi huisoma kwa namna ya pili, na ni vigumu kuwalaumu.

Tatu ni suala la nani unamkopa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijiti zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hawa, pamoja na wale wa mtaani wanaoitwa kausha damu, hawana mlango wa kukupelekea sifa njema kwenye kanzidata. Ukiwalipa vizuri mwaka mzima hakuna anayejua. Wenye leseni ya daraja la pili wamewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo nayo si ndogo, ni 42 kwa mwaka. Hao wengine hawana kikomo.

Wana kelele lakini. Siku ya kwanza ya kuchelewa, programu inawapigia watu waliomo kwenye simu yako: bosi, mama mkwe, mwenyekiti wa kikundi. Picha yako inasambazwa na maneno ya kukuita tapeli. Kausha damu anakuja mwenyewe mlangoni kuchukua televisheni. Benki kwa upande wake inatuma ujumbe mfupi na kunyamaza. Mtu aliyebanwa, kwa akili ya kawaida kabisa, anamlipa mwenye kelele kwanza. Matokeo yake fedha inakwenda kwa mkopeshaji asiyekuandika, na rejesho linachelewa kwa yule anayekuandika kila mwezi. Kama kuna kosa moja linaloharibu majina ya watu wenye nia njema kuliko mengine, naliweka hili mbele.

Kenya walipitia njia hii kabla yetu. Mikopo ya simu ilipokolea, mamilioni ya watu waliorodheshwa kwa madeni ambayo mengine hayakufika hata shilingi elfu moja ya huko. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000 na kuwaondoa wakopeshaji wa kidijiti wasiosimamiwa kwenye mfumo, na Novemba 2022 ikaja na mpango wa kuwawezesha wadaiwa wa mikopo midogo ya simu kusafisha majina kwa kusamehewa sehemu ya deni. Hatua hizo zilileta unafuu, ila hazikumgeuza mtu kuwa na sifa za mkopo wa nyumba.

## Makosa ambayo si yako lakini yana jina lako

Msimamo mwingine, usiosikika sana vijiweni, unasema kabla ya kujenga historia mpya uikague iliyopo. Naona huu ndio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Tangu laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na zile zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, deni la simu linafuata kitambulisho. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zilisajili laini za ndugu ambao vitambulisho vyao vilikuwa bado havijatoka. Mdogo wako aliyeko Ukerewe anatumia laini yenye jina lako. Akikopa na kuzima simu, mdaiwa ni wewe. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha ulizia kila moja.

Makosa mengine ni ya kawaida: mkopo uliokwisha kulipwa lakini mstari haujafungwa, jina lililoandikwa tofauti na kitambulisho, mkopo wa kazini ambao mwajiri alikata kwenye mshahara lakini akachelewa kuupeleka benki. Una haki ya kuomba ripoti yako na kupinga kisicho sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeitia nguvu haki hiyo ya kuona na kusahihisha. Anayefunga mkopo adai barua ya kumaliza deni palepale na aitunze. Miaka mitatu baadaye, tawi likiwa limebadilisha meneja na mfumo, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inachukua muda, na inamtaka mtu aandike barua, afuatilie, arudi tena. Ukisubiri hadi benki ikukatalie ndipo uanze, nyumba uliyoitaka itakuwa imekwenda kwa mwingine.

## Hati, na mlima wa Igogo

Tukija kwa yule anayesema jina halina kazi bila hati, Igogo inampa ushahidi wa kutosha. Sehemu kubwa ya makazi ya mlimani ilikua bila kupimwa: familia ilinunua eneo kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikasawazisha mwamba, ikajenga. Wenyeji wanaheshimu karatasi hiyo. Benki inayotaka kuandikisha rehani kwa Msajili wa Hati haiwezi kuitumia, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake yanajenga rehani juu ya haki iliyosajiliwa.

Huduma zinafika taratibu. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, imejenga mtandao wa majitaka uliorahisishwa kwa ajili ya makazi ya milimani kama Igogo, Mabatini na Isamilo, na Mwanza ni miongoni mwa miji iliyofanya urasimishaji wa makazi kwa kiwango kikubwa. Palipopimwa na kumilikishwa, nyumba ileile iliyokuwa haina thamani mbele ya afisa mikopo inageuka dhamana. Palipo na mteremko mkali au mwamba wa hatari, au pasipo na njia ya kupita, mpimaji anaweza kupaacha nje, na hapo jina, hata liwe safi kiasi gani, halisaidii.

Kwa hiyo mtetezi wa hati yuko sahihi kwa nusu. Bila hati hakuna rehani. Lakini hati hailipi rejesho, na benki inayotoa mkopo kwa kutazama dhamana tu inajitafutia mnada. Chini ya Sheria ya Ardhi mkopaji aliyeshindwa hupewa notisi ya siku 60 kabla mwenye rehani hajachukua hatua ya kuuza, halafu zinafuata kesi, zuio la mahakama, na mwenza anayesema hakuwahi kutia saini. Benki haipendi njia hiyo. Ndiyo maana hupenda kukagua kipato kuliko kuhesabu matofali, na ndiyo maana ridhaa ya mume au mke kwa nyumba ya familia inadaiwa mapema; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinailinda nyumba hiyo.

Anayetaka kununua badala ya kujenga anaweza kuliruka tatizo la mlima kwa kutafuta kiwanja kilichopimwa upande wa Buswelu, Luchelele au Kisesa. Atalipa kwa umbali: nauli kila siku, na kuwa mbali na soko na bandari anakopatia riziki. Hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu ya rejesho, jambo ambalo fomu ya benki haiulizi.

## Kipato kinachoonekana

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mjadala mzima ungepaswa kuanzia kwa watu wasio na mshahara. Uchumi wa Igogo unategemea sana ziwa, na fedha ya ziwa haiji kila tarehe 25. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi hupumzika, na mchuuzi hupumzika nayo. Kwa mwezi mmoja mtu anaweza kushika milioni kadhaa kwa wiki mbili au tatu, kisha akae siku kumi akila akiba. Fedha yote hiyo ikipita mkononi, kutoka kwa mnunuzi wa mwaloni kwenda kwa mwenye mtumbwi, taarifa ya benki ya miezi 12 inaonyesha akaunti yenye elfu sabini.

Afisa mikopo hana namna ya kukopesha juu ya kipato asichokiona. Kupitisha mauzo kwenye akaunti moja, hata kama ni ya simu iliyounganishwa na benki, kuwa na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kunaweza kumfaa mchuuzi kuliko mikopo kumi ya simu aliyoilipa vizuri. Gharama zipo. Kuna makato ya miamala, kuna kodi kwa sababu mauzo yako sasa yanaonekana, na kuna usumbufu wa wateja wanaotaka kulipa taslimu. Watu wengi hukwepa mfumo kwa sababu hizi, na si wajinga. Wanalinganisha gharama ya uhakika ya leo na mkopo wa mashaka wa kesho kutwa. Mwenye nia ya kweli ya kukopa ndani ya miaka miwili ana sababu ya kuilipa gharama hiyo. Asiye na nia hiyo hana haraka.

Njia ya yule wa nne aliyecheka, ya kujenga kidogo kidogo, inastahili heshima kuliko inayopewa na wataalamu wa fedha. Msingi mwaka huu, kuta mwakani, lenta, kisha kupaua fedha ikipatikana. Haina riba, haina mnada. Hasara yake ni miaka mingi ya kodi ya pango wakati pagale likinyeshewa mvua, saruji ikipanda bei, na wezi wakibeba nondo. Mkopo mdogo wa hatua kwa hatua kutoka SACCOS au taasisi ya huduma ndogo za fedha unaweza kuifupisha miaka hiyo bila kuhitaji hati, ingawa riba yake iko juu na muda wake mfupi. Ukitoka kwenye taasisi inayoripoti, unaacha pia mstari mzuri wenye ukubwa wa maana, kitu ambacho elfu ishirini za simu haziwezi.

## Kipi kitangulie

Kwa mwenye mshahara, uamuzi wangu ni kwamba kufuta marejesho kunatangulia kujenga alama. Ripoti ikiwa haina kosa, kila laki moja ya rejesho unayoiondoa inakuongezea mkopo wa kama milioni 6.5 kwa masharti tuliyoyatumia hapo juu. Isipokuwa pale akiba inapokuwa ndogo mno: benki nyingi zitakutaka uchangie asilimia 10 hadi 20 ya bei, na juu yake kuna mthamini, mwanasheria, usajili na bima. Ukitumia akiba yote kufuta deni, utapata uwezo wa kukopa milioni 48 ukakosa milioni tano za kuanzia. Mwenye kukabwa pande zote mbili afute deni lenye rejesho kubwa likilinganishwa na salio lake, aache lile lenye rejesho dogo lijimalizie.

Kwa mfanyabiashara asiye na mshahara, akaunti inatangulia, ukaguzi wa ripoti unafuata, na mkopo wa biashara wa ukubwa wa kati kutoka taasisi yenye leseni, uliolipwa mwaka mzima, unakuja wa tatu. Kwenye mazungumzo na benki aombe tarehe ya rejesho iendane na mzunguko wa ziwa. Akikubali tarehe yoyote anayopangiwa, anaweza kuandikwa amechelewa siku tano kila mwezi kwa fedha ambayo alikuwa anajua itakuja siku ya sita.

Na kwa mwenye nyumba mlimani isiyo na hati, jina lake lisimuumize kichwa kwa sasa zaidi ya kuwalipa kwanza wanaomwandika na kuwakimbia wasio na leseni. Fedha yake ya kwanza iende kwenye upimaji na umilikishaji, kama eneo lake linapimika. Kama halipimiki, kupeleka maombi ya rehani mwaka huu ni kulipia ada za kukataliwa. SACCOS na ujenzi wa hatua kwa hatua vitamfikisha mbali zaidi, na kiwanja kilichopimwa kwingine kitafutwe polepole.